Mabaki ya Moshi wa Tumbako Nyumbani

Somo la mwezi huu lahusu jambo lililo karibu nasi sana, wala wengi wetu hatulitambui. Tumezoea kuonywa juu ya moshi wa tumbako unaoonekana kwa macho, ule utokao kinywani mwa mvutaji na kuenea chumbani. Lakini moshi ule ukiisha kutoweka, na madirisha yakiisha kufunguliwa, na kipande cha mwisho cha sigara kikiisha kutupwa nje, sisi husema, “Sasa hewa ni safi.” Je, ni kweli? Hilo ndilo swali tutakalolichunguza. Twawaomba walimu wa mitaa walisome somo hili pamoja na watu wao, hasa wale walio na watoto wachanga, na wale wanaotaka kuhamia nyumba iliyokuwa ya mtu mwingine.

1. Harufu ile yatoka wapi?

Kila mtu aliyepata kuingia chumba cha mvutaji aijua harufu yake. Mwenyewe aweza kuwa safarini tangu siku tatu. Hapana sigara iwakayo, wala majivu. Hata hivyo, ukifungua mlango, pua yako yakuambia mara moja ni nani akaaye humo. Ukiulalia mto wake, ukilivaa koti lake, harufu ni ile ile.

Basi na tufikiri. Pua haiwezi kunusa kitu kisichokuwapo. Ikiwa twanusa tumbako, hapana budi chembe ndogo sana zilizotoka katika tumbako zinaondoka ukutani, na godoroni, na katika mapazia, nazo zinaingia puani mwetu. Maana yake ni kwamba moshi haukutoka wote. Sehemu yake ilikwenda na upepo, na sehemu yake imebaki.

Wataalamu wameuchunguza moshi wa tumbako, wakaona ndani yake kemikali zaidi ya 7,000, na katika hizo kama 70 zajulikana kuwa zaleta saratani. Moja katika kemikali za moshi huo ni nikotini, ndiyo imfungayo mvutaji hata asiweze kuacha kwa urahisi. Nikotini ina tabia ya kugandamana mno na kila kitu inachokigusa: ukuta, mbao, nguo, ngozi ya mtu, na vumbi la sakafuni. Tena vitu laini, kama godoro, zulia na mapazia, huunywa moshi kama kitambaa kinywavyo maji. Baadaye, hewa ya chumba ikiwa safi, vitu vile vile huanza kukitoa kidogo kidogo kile vilichokunywa. Ndiyo sababu chumba kilichokunywa moshi kwa miaka chaweza kuutoa kwa miezi mingi.

2. Moshi wa namna tatu

Ili tuelewane, wataalamu huugawanya moshi katika mafungu matatu. Moshi wa kwanza ni ule auvutao mvutaji mwenyewe. Moshi wa pili ni ule auvutao mtu aliye karibu naye, ingawa hakushika sigara. Moshi wa tatu ni mabaki tunayoyasema, yaani yale yanayokaa juu ya vitu na ndani ya vumbi baada ya sigara kuzimika.

Habari za moshi wa kwanza na wa pili zimejulikana tangu zamani. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba tumbako huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja ni watu wasiovuta, bali waliuvuta moshi wa wengine. Habari za moshi wa tatu ni mpya zaidi. Jina lake lilianza kuenea kwa watu wengi mwezi wa Januari 2009, hapo daktari Jonathan Winickoff wa Boston, katika Marekani, pamoja na wenzake, walipoandika katika jarida la madaktari wa watoto. Waliwauliza watu zaidi ya 1,500 wa nchi ile kama mabaki ya moshi chumbani yaweza kuwadhuru watoto. Katika kila watu 100 wasiovuta, 65 walisema ndiyo. Katika kila wavutaji 100, waliosema ndiyo walikuwa 43 tu. Tena waliona jambo jingine lililo kubwa kwetu: wale walioamini kwamba mabaki yale yana madhara ndio waliozidi kukataza sigara nyumbani mwao. Kujua huzaa kutenda. Kwa hiyo somo kama hili si la bure.

3. Nyumba za San Diego

Mtu aweza kusema, “Harufu ni harufu tu. Nani ameonyesha kwamba mabaki hayo huingia mwilini mwa mtu?” Swali ni la haki, nasi twalijibu kwa mfano mmoja.

Katika mji wa San Diego, katika jimbo la California, mtaalamu Georg Matt na wenzake walitaka kujua lipatalo nyumba mvutaji anapohama na asiyevuta anapohamia. Habari zao zilichapwa mwaka 2011. Walizipima nyumba 100 za wavutaji na nyumba 50 za wasiovuta, kabla wenyeji hawajahama. Waliipima hewa, na vumbi, na meza na kuta, hata na vidole vya watu. Tena waliupima mkojo wa watoto. Kisha wakangoja. Nyumba zilisafishwa na kutengenezwa kwa ajili ya wapangaji wapya, kama ilivyo desturi, na kwa kadiri zilikaa tupu kama miezi miwili. Ndipo walipozirudia nyumba 25 zilizokuwa za wavutaji, na 16 zilizokuwa za wasiovuta. Sasa zote zilikaliwa na watu wasiovuta.

Waliona nini? Nikotini ilikuwa imepungua, lakini haikwisha. Katika nyumba zilizokuwa za wavutaji, vumbi na kuta zilikuwa na nikotini kuliko nyumba zile nyingine. Tena ilionekana katika vidole vya wakazi wapya, watu ambao hawakuwasha hata sigara moja humo. Na kadiri vumbi na kuta zilivyokuwa na nikotini nyingi, ndivyo ilivyozidi katika vidole vyao; na vidole vikizidi, alama yake ilizidi pia katika mkojo wa watoto. Alama hiyo huitwa kotinini, nayo ni kitu kile mwili unachokifanya nikotini ikiisha kuingia ndani. Haitoki ukutani ikaruka mpaka mkojoni. Hapana budi imepita mwilini.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Katika mitaa yetu nyumba hupokezana. Mwalimu mmoja ahamishwa, mwingine aja na mkewe na watoto wake. Jamaa aacha chumba cha kupanga mjini, na siku ya pili jamaa nyingine yaingia. Huuliza habari ya paa linalovuja, na ya kunguni, na ya kisima. Je, ni nani aulizaye kama aliyetangulia alikuwa akivuta sigara ndani?

4. Mabaki hugeuka na kuzidi ubaya

Tungeweza kudhani kwamba mabaki hupoteza nguvu kadiri siku zinavyopita. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley, katika California, walionyesha kwamba sivyo ilivyo siku zote. Nikotini iliyogandamana ukutani huweza kukutana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani. Asidi hiyo hutokana na mioto ya namna nyingi, kama majiko ya gesi yasiyo na bomba la kutolea moshi, na injini za motokari. Vitu hivi viwili vikichanganyikana juu ya ukuta, huzaa sumu mpya ziitwazo nitrosamini. Mmojawapo wa hizo huitwa NNK, nao umewekwa na wakala wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyohakikishwa kuwa huleta saratani kwa wanadamu. Wataalamu wale hawakuona sumu hizo katika maabara tu. Waliziona pia ndani ya lori la mtu aliyekuwa akivuta sana.

Mwaka 2013 wengine waliyajaribu mabaki haya juu ya chembe hai za mwanadamu katika maabara, wakaona kwamba yanaiharibu DNA, yaani ule urithi ulio ndani ya kila chembe, uiongozao kazi yake. Tena mabaki yaliyokusanyika kwa muda mrefu yaliharibu zaidi kuliko yale ya muda mfupi. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside walieleza habari za panya waliokaa kati ya vitu vilivyonywa moshi, wala hawakuvutishwa moshi wenyewe. Maini yao yalipata mafuta, mapafu yao yalianza kuwaka kwa ndani, na vidonda vyao vilichelewa kupona.

Hatuyasemi haya ili kuwatia watu hofu ya bure. Panya si mtu, na mtu akilala usiku mmoja katika chumba chenye harufu ya tumbako, asidhani kwamba amekwisha kupata saratani. Moshi wenyewe, wa kwanza na wa pili, una nguvu kuliko mabaki yake. Lakini sumu ndogo ya kila siku si kitu cha kudharauliwa, hasa kwa yule asiyeweza kuondoka chumbani kwa hiari yake.

5. Mtoto mchanga ndiye wa kwanza

Na ni nani huyo asiyeweza kuondoka? Ni mtoto mchanga. Mtu mzima huingia na kutoka. Aenda shambani, aenda kazini, aenda sokoni. Mtoto hukaa ndani saa nyingi. Tena sisi twatembea kwa miguu, na pua zetu ziko juu. Yeye hutambaa, na uso wake u karibu na vumbi. Akiona kitu hukishika, na akikishika hukitia kinywani. Hunyonya pembe ya mkeka, hulamba mkono wa kiti, hulala na shavu lake juu ya nguo ya baba yake. Kwa kadiri ya uzito wake humeza vumbi jingi kuliko mtu mzima, na ngozi yake ni nyembamba, na mapafu yake yangali yanakua. Basi mabaki yale yale yanayomgusa baba kidogo, humgusa mtoto kwa njia tatu: kwa pumzi, kwa kinywa, na kwa ngozi.

6. Je, kuvuta nje kwatosha?

Akina baba wengi wenye mapenzi mema husema, “Mimi sivuti mbele ya mtoto, hutoka nje.” Hao twawasifu kwa kweli, maana wamefanya jambo jema. Lakini yatupasa kuwaambia yaliyosalia.

Georg Matt na wenzake walizichunguza nyumba zenye watoto wachanga katika San Diego, na habari zao zilitoka mwaka 2004. Walilinganisha nyumba za namna tatu: zisizo na mvutaji, zenye mvutaji avutaye nje, na zenye mvutaji avutaye ndani. Katika nyumba za wale wavutao nje, uchafu wa tumbako ulikuwa mara 5 hata mara 7 kuliko katika nyumba zisizo na mvutaji. Na watoto wa nyumba zile ambamo watu huvuta ndani walipatwa zaidi tena, mara 3 hata mara 8 kuliko watoto wa wale wavutao nje. Kwa hiyo kutoka nje kwasaidia sana, lakini hakuondoi yote. Moshi hurudi ndani pamoja na mtu, katika nywele zake, katika shati lake, katika vidole vyake, na katika pumzi yake.

Nguvu ya nguo kuchukua moshi ilionekana vizuri katika mji wa Mainz, Ujerumani. Mwaka 2017 hewa ya ukumbi mmoja wa sinema ilipimwa, ukumbi ambamo watu hawaruhusiwi kuvuta kabisa. Kila mara watu walipoingia, kemikali za tumbako zilipanda hewani ghafula. Habari hizo zilichapwa mwaka 2020 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao. Walikadiri kwamba, kwa kemikali kadha wa kadha walizozipima, watazamaji walipata kwa saa moja kiasi kilicho sawa na moshi wa pili wa sigara moja hata kumi. Hapana aliyevuta mle ndani. Watu waliuleta moshi juu ya miili yao na nguo zao. Ikiwa ukumbi mkubwa wapatwa hivi, chumba kidogo cha kulala kitakuwaje?

7. Kuisafisha nyumba

Sasa tuseme yatupasayo kufanya. Kwanza tuyaache yasiyofaa. Ubani na manukato haviondoi mabaki. Huifunika harufu tu, na pua ikidanganywa, mwili haudanganyiki. Kufungua madirisha ni vema, lakini upepo hauwezi kuuosha ukuta. Kupaka rangi mpya juu ya ukuta usiooshwa hakutoshi pia, kwa maana nikotini hupenya rangi polepole na kutokea tena.

Yanayofaa ni haya. Uvutaji wa ndani ukome kabisa, maana kusafisha huku watu wangali wakivuta ni kuteka maji kwa kikapu. Kisha kuta, dari, milango na meza zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, wala si mara moja, bali mara kadha wa kadha, na maji yabadilishwe kila yanapogeuka rangi. Nikotini ni ya jamii ya alkali, kwa hiyo maji yenye siki kidogo hufaa kuiondoa. Lakini siki isichanganywe hata kidogo na dawa ya klorini ya kung’arishia nguo, kwa maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mwenye kuosha avae mifuko ya mikono ikiwa anayo, na watoto wawe mbali siku hiyo.

Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio mkavu, maana ufagio mkavu hulirusha hewani. Mapazia, mashuka, vyandarua na nguo zifuliwe. Zulia la zamani na godoro la mvutaji ni vigumu mno kusafishika. Awezaye kupata vingine na aviondoe, na asiyeweza asimlaze mtoto mchanga juu yake. Mwenye kuhamia nyumba na aulize mapema, na mwenye nyumba na ajibu kweli, na kuta zioshwe kabla rangi haijapakwa.

8. Kusema na mvutaji kwa heshima

Yasalia jambo lililo gumu kuliko kuosha ukuta, nalo ni kusema na mtu. Mara nyingi avutaye nyumbani ni mkubwa wa nyumba, baba au babu. Mke wa mwana hawezi kumkaripia mkwewe, wala haifai. Afadhali mwana mwenyewe aende, wakati wa utulivu, si mbele ya wageni, aseme hivi: “Shikamoo, baba. Tumejifunza ya kuwa moshi hukaa katika nguo na ukutani hata ukiisha kutoweka, nao humdhuru mjukuu wako. Twakuomba utusaidie. Tumekutengenezea mahali pako pa kuketi nje, chini ya mwembe.” Mzee aliyeheshimiwa hivyo aweza kujibu, “Marahaba, mwanangu, nimesikia.” Lakini mzee aliyeaibishwa huwasha sigara ya pili.

Mahali pale pawe mbali na mlango na madirisha. Awe na koti au shuka la kuvutia, nalo litundikwe nje. Kabla ya kumpakata mtoto, anawe mikono na uso, na abadili shati. Hayo hupunguza, ingawa hayamalizi. Sheria hiyo hiyo na iwe ya motokari, ambamo nafasi ni ndogo na vitambaa ni vingi. Wala watu wasidanganyike na sigara za umeme. Mvuke wake nao huacha nikotini juu ya vitu.

Lakini lililo bora kupita yote ni kuiacha tumbako kabisa. Ni vigumu, kwa sababu nikotini hufunga kweli kweli, na wengi hujaribu mara nyingi kabla hawajashinda. Kwa hiyo tusiwacheke wanaoanguka, bali tuwasaidie waanze tena, na waende kwa daktari kutaka msaada. Siku mtu anapoacha, mapafu yake yapata nafuu; na mtoto wake hatapokea tena moshi mpya juu ya ule wa zamani.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini twanusa tumbako katika chumba ambamo hapana mtu avutaye sasa?
2. Wale waliohamia nyumba za wavutaji huko San Diego hawakuvuta. Nikotini ilionekana wapi, na ilifikaje?
3. Kuna tofauti gani kati ya mtoto mchanga na mtu mzima katika kupatwa na mabaki haya?
4. Baba avutaye nje amefanya vema. Ni nini tena limpasalo?
5. Katika mtaa wetu, ni nyumba gani zinazopokezana, na ni nani atakayehakikisha kwamba kuta zimeoshwa kabla jamaa mpya haijaingia?